Jembe Lilipofika Juba

Mhadhara kwa wapenzi wa Kiswahili, Hai Amarat

Wazee wangu, mabibi na mabwana, ndugu mliokuja kutoka Gudele na Munuki kwa bodaboda mpaka kope zikageuka nyekundu kwa vumbi, na ninyi wanafunzi wangu mlioketi nyuma karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe: karibuni, na asanteni.

Walioniita walitaraji nizungumzie Kiswahili na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni mada nzuri. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya mwaka 2016, mada hiyo imezungumzwa katika kila ukumbi wa mji huu wenye feni inayozunguka. Mimi nimekuja na jembe. Sikulishika mkononi, maana mlinzi wa getini asingenipitisha, lakini ndilo nitakalolizungumzia mpaka mchoke.

Kisa kilianzia nyuma ya nyumba ninayopanga hapa mtaani. Kuna kiwanja cha hatua kumi kwa sita, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani. Mvua za Aprili zilipoanza nilikwenda soko la Konyo Konyo kutafuta jembe. Kijana aliyeketi juu ya gunia alikuwa amepanga vyuma vya aina tatu mbele yake, akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba: "Ita deru yatu?" Unataka kipi? Nikamwomba kwanza anitajie majina. Cha kwanza kilikuwa kizito, kimepakwa rangi, kina tundu la mpini, kimeletwa na lori kupitia Nimule. Hicho alikiita jembe, bila kusita, kama mtu wa Mbale au wa Mbeya. Cha pili kilikuwa kipana, shingo imepinda. Akasema ni toria. Cha tatu kilikuwa bapa jembamba mfano wa jani, na nyuma yake kikombe cha kuchomekea mti mrefu ulionyooka. Hicho ni moloda.

Mimi nimezaliwa Kilosa. Nimekua na majembe ya UFI, kiwanda cha zana cha Ubungo, na kwa babu yangu niliyakuta yale ya zamani yenye chapa ya mamba, ya Chillington ya Uingereza. Kwa hiyo nikanunua jembe, na kwa kiburi kidogo.

Udongo wa kiwanja changu ni mweusi, wa kunata. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kidole, ukilowa hushika chuma kama ugali unavyoshika mwiko. Nikainua jembe, nikalishusha, likaingia. Kulitoa ndiyo ikawa kazi. Baada ya robo saa nilikuwa na mashimo manane na kiuno kimoja kibovu. Jirani yangu, mama wa Kibari mwenye umri wa kunizaa, alikuwa ananitazama kwenye upenyo wa mabati. Akaja na moloda yake. Hakuiinua hata mara moja. Alipiga magoti, akaukumbatia ule mti mrefu chini ya kwapa, akawa anaisukuma mbele juu juu ya ardhi, na magugu yakawa yanalala ubavu kama nywele mbele ya kinyozi. Akaniambia, kwa Kiarabu cha Juba, kwamba chuma changu kinafaa kuchimbia kaburi.

Nikamuuliza kazi anayoifanya inaitwaje. Akajibu: kuruju.

Hapo nikasahau kiuno. Kiarabu cha Juba, kama mnavyojua, maneno yake mengi mno ni ya Kiarabu. Kilizaliwa karne ya 19 kwenye kambi za wafanyabiashara na wanajeshi waliopanda mto Nile kutoka kaskazini, na tawi lake likasafiri na askari wa Emin Pasha mpaka Bombo kule Uganda na Kibera ya Nairobi. Kina maneno ya Kiarabu ya kula, kunywa, kununua, kuuza, kupigana. Lakini huyu mama alipotaja kulima, kitenzi kilichomtoka si cha Kiarabu. Ni cha Kibari. Jeshi lilikuja, soko likaja, lugha nzima ikabadilishwa nguo, na neno la mtu aliyepiga magoti shambani likabaki lilelile.

Basi mnivumilie nizunguke kidogo, kwa sababu nilikwisha kulisoma jambo hili mahali pa mbali sana, kwa watu wasiojua moloda wala kuruju.

Waslavi, yaani Warusi, Wapoland, Waserbia na jamaa zao, walikuwa na kitenzi cha kale cha kulima: orati. Mserbia hulitumia mpaka leo, Mpoland husema orać. Neno hili halikukopwa kwa mtu. Ni ndugu wa arare la Kilatini na aroo la Kigiriki, yaani limetoka kwa bibi mmoja aliyeishi kabla Mrumi hajaitwa Mrumi. Kutokana na orati wakapata jina la chombo, ralo: mti wenye ncha, unaokokotwa na ng'ombe, unaokwaruza ardhi bila kuigeuza. Mpaka hapo kazi na chombo vina jina la nyumba moja.

Kisha pakaingia chombo kizito zaidi, chenye chuma cha kukata na ubao wa kulipindua bonge la udongo. Kikaitwa plug. Na hili plug ndilo lililowagombanisha wanaisimu. Wajerumani wanalo, husema Pflug. Watu wa kaskazini ya Ulaya walisema plógr. Lakini Wagoti, Wajerumani wa kale kabisa ambao maandishi yao tunayo, hawakuwa nalo. Plau yao waliiita hoha. Wako wanaodai Wajerumani waliwakopesha Waslavi. Wako wanaodai kinyume. Na wako wanaomtafuta mtu wa tatu huko milima ya Alps, kwa sababu Plinius, yule Mrumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba watu wa Raetia walikuwa wametia magurudumu mawili kwenye plau yao na kuiita plaumorati. Mimi sina hisa katika ugomvi huo. Linalonivutia ni kwamba ugomvi wote uko kwenye jina la chombo. Juu ya orati hakuna anayegombana.

Katika kumbukumbu za kale za Kyiv, zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 12, kuna habari mbili ambazo nikizisoma huzisikia harufu ya udongo. Chini ya mwaka 964 imeandikwa kwamba kabila la Wavyatichi liliwalipa Wakhazari sarafu moja kwa kila ralo. Chini ya mwaka 981, mtawala Vladimir anawatoza Wavyatichi walewale, na safari hii kodi inahesabiwa kwa plug. Kumbukumbu hizo ziliandikwa zaidi ya karne moja baadaye, kwa hiyo tusizisome kama daftari la mtoza ushuru, wala tusidhani kijiji kizima kilitupa ralo motoni ndani ya miaka 17. Lakini mwandishi huyo alikuwa na majina mawili kwenye kalamu, na lile jipya ndilo lililokuwa likipanda.

Sasa, mkulima wa Shinyanga anapofunga ng'ombe wake anasema anafunga plau. Plau tumeitoa kwa Waingereza, plough. Na plough ya Mwingereza ni ya ukoo uleule wa Pflug na plug. Kwa hiyo neno hili la Waslavi na majirani zao lililowatoa jasho maprofesa limepita Uingereza, likapanda meli, likashuka Afrika Mashariki, na leo linakokotwa na ng'ombe wa Kisukuma. Lakini mwulize mkulima huyo anafanya nini na hiyo plau. Atakujibu: nalima. Jina la chombo limevuka bahari. Kitenzi hakikuhama hata kitongoji.

Tulitazame basi lile la kwetu. Jembe limetoka wapi?

Jibu fupi ni kwamba halijatoka mbali. Ni neno la Kibantu, na ukienda Usukumani au Unyamwezini utalikuta likiwa na mwili wake wa zamani: igembe, wingi magembe. Herufi g hiyo msiidharau. Kiswahili kina tabia ya kumeza g ya kale mahali ambapo jirani zake wameitunza. Mganda husema kugenda, Mswahili husema kwenda. Mganda husema kigambo akiwa na maana ya neno, Mswahili ana kuamba, na kutokana nako ana jambo. Kwa hiyo igembe likipita kwenye koo la pwani hupoteza g, hubaki na -embe, na -embe likitafuta kiambishi cha ngeli yake hupata ji-, kama lilivyo jino, kama lilivyo jicho. Ji na embe, jembe.

Lakini angalieni linavyofanya likiwa mengi. Jino huwa meno. Jicho huwa macho. Jambo huwa mambo. Jembe lingefuata ndugu zake lingekuwa "membe". Halikufanya hivyo. Limekuwa majembe, na ji- yake imeng'ang'ania ndani. Naliona jambo hilo kama msuka ndani ya mpini. Kwa wanafunzi wangu wa mjini: msuka ni ule mkia wa chuma wa jembe la mhunzi, unaotiwa moto ukatoboa mti na kupenya. Mara ya kwanza unachomoka ukiuvuta. Ukilimiwa misimu mitatu, mti unakaza, na mtu anayeliona jembe hilo hawezi tena kusema chuma kinaanzia wapi.

Hapa kuna mtego ambao nimewahi kuutumbukia mwenyewe. Mtu akishajua kuwa jembe ni ji-embe, hulala usiku akiwaza wembe: u-embe. Na chembe ya mshale, kile kichwa cha chuma: ki-embe. Bapa kubwa, bapa jembamba, bapa dogo, yote yana makali, yote yametoka kwa mhunzi mmoja! Nilipoitazama moloda ya jirani yangu ikinyoa magugu nilikaribia kupiga kelele. Ni dhana tamu, na bado naipenda. Ila mfanano wa ndani ya lugha moja haujawa ushahidi. Ni lazima kila moja ya hayo matatu lipelekwe kwa dada zake wa Kibantu lithibitishwe kama tulivyolithibitisha jembe, sauti kwa sauti. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia, kwenye misiba na kwenye mabasi, kwamba shamba ni champ ya Kifaransa. Eti Wafaransa walileta mashamba ya karafuu na jina lake. Mnyarwanda ana isambu, ardhi ya mtu ya kulima, na isambu limekaa kwenye mdomo wake kama mtu aliyezaliwa humo, si kama mgeni. Maneno mawili yanaweza kufanana kama watu wawili wanavyofanana kwenye kituo cha mabasi, bila ya kuwa na baba mmoja.

Nikiwa hapo kwenye shamba, niseme jambo linalonikera. Kiswahili humtukana mkulima kwa shamba lake na kumsifu kwa jembe lake. Mtu asiyejua kuvuka barabara ya Kariakoo tunamwita mshamba. Mtu hodari kazini, awe karani au kipa wa timu, tunasema huyo ni jembe. Mwanasiasa atakuwa jembe letu, na Chama Cha Mapinduzi tangu 1977 kimeliweka pamoja na nyundo kwenye bendera yake. Mtu na ardhi yake ni aibu, chuma chake ni heshima. Wahenga walikuwa na akili zaidi waliposema mchagua jembe si mkulima. Nimelikumbuka hilo mara nyingi tangu siku ya Konyo Konyo, na halikunifurahisha.

Turudi kwenye kitenzi. Lima limeenea katika nchi za Wabantu kuliko jembe. Mzulu hulima kwa igeja, Mbemba kwa ulukasu, Mganda kwa enkumbi, sisi kwa jembe. Vyombo vinne, majina manne, na wote wanne wanalima. Hata mbinguni wamelipeleka. Kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa pwani wamekitazama kwa miaka isiyohesabika ili wajue majira ya mvua na jua, sisi twakiita Kilimia. Mzulu, ng'ambo ya nusu ya bara, hukiita isiLimela. Nyota zilezile, kitenzi kilekile, na hakuna aliyemwandikia mwenziwe barua.

Najua kuna mtu hapo katikati amejiandaa kunisimamisha, nami nimtangulie. Mnyarwanda halimi, anahinga, na jembe lake ni isuka. Kwake kitenzi cha kale kimefukuzwa, na nadharia yangu imeanguka kifudifudi. Vilevile Mrusi wa leo haijui orati kwenye udongo; yeye hutumia pakhat', na ukimwambia orat' atafahamu unazungumzia kupayuka. Ni kweli. Vitenzi hufa. Lakini mwulize Mnyarwanda shamba lake analiitaje. Umurima. Mule ndani yumo lima, amejificha kama panya kwenye ghala, baada ya kunyang'anywa mlango wa mbele. Na Mrusi naye akisoma habari za mababu zake hukutana na ralo. Mimi sidai kitenzi ni cha milele. Nadai kwamba si rahisi kukihamisha kama jina la chombo, na hata kikihama huacha nguo zake ndani.

Na hapa tulipo je? Wengi wenu si Wabantu, na nisingependa mtoke mkisema mwalimu alizungumza na Wabemba. Mdinka anapolima husema pur. Mnuer, pur. Pandeni na mto, mvuke mpaka wa Uganda, Mwacholi mkulima ni lapur. Endeleeni mpaka ghuba ya Kisumu, Mjaluo mkulima ni japur. Ni mwendo wa mamia mengi ya kilomita, wa watu waliohama kwa vizazi vingi na ng'ombe wao, wakaoana na watu wengine, wakabadili vyakula. Chombo kikabadilika njiani: Mwacholi analo kweri, Mjaluo kwer, na aliyebaki huku ameshika moloda. Pur wamefika nayo wote.

Kuhusu moloda, tunayo maandishi ya karne moja na nusu. Samuel Baker alipokuwa Latuka mwaka 1863, mashariki ya hapa tulipoketi, aliviona vyuma hivyo vikibadilishwa kwa mifugo na vyakula, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1866 aliviita molote. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Riga na kuzunguka Bahr el Ghazal kuanzia mwaka 1869 mpaka 1871, aliandika melot. Aliwakuta Wabongo, kabila la huko, wakiyeyusha chuma kwa matanuri ya udongo na kufua mabapa ambayo yalikuwa fedha kabla hayajawa zana: unalipia bidhaa, unalipia mahari, na siku ukikosa la kununua unalitia mpini ukalime. Sijui benki gani leo inatoa noti ya namna hiyo. Miongoni mwa Wabari wahunzi walikuwa kundi lao wenyewe, tumonok, wakiishi kando kidogo ya wenye ardhi na ng'ombe, wanaohitajika na kila mtu na wasiooana na kila mtu. Na kusini zaidi, huko Katuruka karibu na Bukoba, Peter Schmidt alichimbua katika miaka ya 1970 mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Mtu wa pale alikuwa anasikia mivukuto wakati Plinius hajazaliwa.

Mtaona sasa kwa nini Wakhazari na Vladimir walihesabu kodi kwa plau, na kwa nini mzee wa kabila la Bongo alihesabu mahari kwa mabapa ya chuma. Chombo huhesabika. Hufungwa mafungu, hubebwa kichwani, hulipiwa ushuru, na kila mkono unaokipokea hukipokea pamoja na jina, kwa sababu huwezi kununua kitu usichoweza kukitaja. Kulima hakuhesabiki hivyo. Hakuna msafara uliowahi kufika sokoni ukiwa na gunia la kulima. Mtoto hujifunza neno hilo akiwa mgongoni kwa mama yake, mama ameinama, na neno linashuka na kupanda pamoja na pumzi.

Ile toria nusura niisahau. Hiyo ndiyo msafiri mkubwa kuliko wote. Wakulima wa Misri huiita turiya, na wao wameirithi kutoka Kikopti, tore, na Kikopti ni mtoto wa mwisho wa lugha ya Mafarao. Kwa hiyo kwenye lile gunia la Konyo Konyo palikuwa na barabara tatu. Moja imeshuka kutoka Misri. Moja ni ya mto huu wa kati. Moja imepanda kutoka Mombasa kwa lori la magurudumu kumi na nane. Kijana akauliza yatu, na mimi nikadhani ananiuliza juu ya vyuma tu.

Nimalizie na mtaa wenyewe, maana mwenye ukumbi ananionyesha saa.

Amarat kwa Kiarabu ni majengo ya ghorofa, wingi wa imara. Mkaazi wa hapa anayejenga ghorofa ya nne bila ya lifti hawezi kuwaza kilimo. Lakini shina la neno hilo, ayn na mim na ra, ni la kuifanya nchi iwe na watu na mazao: kuikalia, kuijenga na kuilima, vyote kwa pamoja. Kwenye Qurani, sura ya 30 aya ya 9, kuipindua ardhi na kuistawisha vimetajwa bega kwa bega, na hilo la pili ni la shina hili hili. Kiswahili kimechukua imara, kikaliambia liwe sifa ya kitu kisichotikisika. Kimechukua umri, miaka ambayo mtu ameikalia dunia. Na hai kwa Kiarabu ni mtaa, ila pia ni yenye uhai, kama tunavyosema sisi. Katika sheria ya Kiislamu kuna mlango mzima wa kuhuisha ardhi iliyokufa: atakayeilima huwa na haki nayo. Kwa sikio la mwanasheria wa zamani, Hai Amarat lingeweza kusikika kama kichwa cha hukumu. Nimemweleza hivyo mwenye nyumba wangu, nikiwa na matumaini juu ya kile kiwanja cha hatua kumi kwa sita. Amesema kodi ni ileile.

Juzi nilipita tena Konyo Konyo kutafuta moloda. Yule kijana alinicheka kwanza, kisha akanichagulia moja iliyofuliwa kutokana na springi ya lori. Ukiigonga kwa ukucha inalia. Hatua chache mbele, kwenye duka la zana, walikuwa wameshusha mzigo mpya: plau tatu za kukokotwa na ng'ombe, bado zina grisi, zimeegemezwa ukutani. Mtu wa kaskazini angeziita mihrath. Lakini mzigo umekuja kwa barabara ya kusini, na mfanyakazi wa duka, aliyejifunza Kiswahili chake kambini Kakuma, alikuwa amechukua chaki na kuandika juu ya ubao, kwa herufi kubwa na kwa mkono wa uhakika: PILAU. Mwendesha bodaboda mmoja, Mkenya kwa lafudhi, alisimamisha pikipiki, akavua kofia, akachungulia ndani mpaka nyuma ya kaunta.

"Sahani ni ngapi?" akauliza.